Mzigo mkubwa, mtaji mdogo: Kodi lobedi kwa hesabu, si kwa pupa

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

ANAYESIMAMA kando ya barabara kuu pale Mpemba, kilomita chache kabla ya kufika mpaka wa Tanzania na Zambia, hahitaji kitabu cha uchumi kujua biashara ya ukanda huu inakwendaje. Makontena, saruji, matangi ya mafuta na salfa huelekea Zambia na Kongo. Shaba hurudi bandarini Dar es Salaam. Katikati ya msururu huo, mara moja moja, hutokea gari ambalo kila mtu hugeuka kulitazama: trela refu lenye kitanda cha chini, matairi mengi madogo, gari dogo lenye bendera nyekundu likitangulia, na juu yake katapila, transfoma au kipande cha kinu cha mgodi kilichofungwa kwa minyororo.

Gari hilo, ambalo madereva huliita lobedi, ndilo linalozungumziwa na ukurasa huu wiki hii. Sababu ni moja. Mfanyabiashara anayekosea kukodi lori la mahindi hupoteza siku moja au mbili na magunia machache. Anayekosea kukodi lobedi anaweza kupoteza mtaji wa miaka kumi, kwa kuwa mara nyingi mashine iliyo juu ya trela ndiyo mtaji wake wote.

Si makampuni makubwa ya migodi pekee yanayokodi magari haya. Wachimbaji wa dhahabu wa Saza na Mkwajuni wananunua vijiko vilivyotumika. Wasagishaji wa Mlowo na Vwawa wanaagiza vinu na maghala ya chuma. Wako pia wanaonunua mitambo Dar es Salaam kwa ajili ya mteja aliyeko Kitwe au Kolwezi, wakitarajia faida ya katikati. Hao wote hukutana na dalali yule yule, na swali lile lile: "Mzigo wako una tani ngapi?" Wengi hujibu kwa kubahatisha. Hasara huanzia hapo.

BARABARA ILIYOZALIWA NA SHIDA

Njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, haikuanza kama njia ya raha. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta ikikatwa njia zake za kusini. Mafuta yakalazimika kupita Tanzania kwa malori, juu ya barabara ya vumbi na tope, na shaba ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba barabara hiyo ilibandikwa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Leo lami ipo, na tangu Oktoba 2019 kipo kituo cha pamoja cha huduma mpakani Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Tunduma yenyewe imo ndani ya Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hata hivyo milima haikusawazishwa na sheria za mizigo zimekaza zaidi kuliko zamani.

MZIGO GANI SI WA KAWAIDA?

Wakazi wa Mbozi wana mfano mzuri mlangoni kwao. Kimondo kilichoko Ndolezi kina urefu wa takriban mita 3 na upana wa takriban mita 1 tu. Kwa macho, mtu angesema kinaingia kwenye lori lolote. Lakini ni chuma kitupu, na makadirio ya uzito wake yamekuwa kati ya tani 12 na 16. Upande wa pili, tangi tupu la kuhifadhia maji au ghala la chuma laweza kuwa jepesi na bado likajaza barabara nzima.

Kwa hiyo kuna mitihani miwili, na mzigo unaweza kushinda mmoja ukafeli mwingine. Wa kwanza ni uzito, wa pili ni vipimo: urefu, upana na kimo.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Kitu chochote kisichoingia ndani ya vipimo hivyo tayari kinastahili maswali. Kijiko cha kawaida cha kuchimbia, cha ukubwa wa Caterpillar 320, kina uzito wa takriban tani 22 na upana wa karibu mita 3. Uzito wake unabebeka bila tatizo. Upana wake ndio unaozidi trela la kawaida. Katapila la ukubwa wa D8 linakaribia tani 40, na hapo uzito nao unakuwa kesi.

Aidha, sheria hutofautisha mzigo unaogawanyika na usiogawanyika. Kibali maalumu ni cha kitu kisichoweza kutenganishwa bila kuharibika. Anayepakia mabomba 100 hawezi kuomba kibali cha kubeba yote kwa safari moja. Atatakiwa kuyagawa kwenye magari mawili. Vivyo hivyo, sepetu la mbele la katapila linalofunguka kwa boliti linatarajiwa kufunguliwa na kusafirishwa peke yake. Wapo wanaokwepa gharama ya fundi wa kufungua, kisha wanalipa mara kadhaa zaidi kwa ajili ya upana.

HESABU YA EKSELI

Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2019. Chini ya sheria hiyo, ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10, ekseli mbili zilizofuatana ni tani 18, na tatu zilizofuatana ni tani 24. Uzito wa jumla wa gari na mzigo, hata liwe na ekseli nyingi kiasi gani, mwisho ni tani 56 pasipo kibali maalumu.

Tufanye hesabu ambayo kila mwenye mzigo angepaswa kuifanya kabla ya kutoa malipo ya awali. Tuseme kichwa cha gari kina ekseli tatu na lobedi ina ekseli tatu. Jumla inayoruhusiwa ni tani 8, na 18, na 24, yaani tani 50. Tuseme kichwa kina uzito wa tani 9 na lobedi tupu tani 13. Zinabaki tani 28 za mzigo. Kijiko cha tani 22 kinapita. Katapila la tani 40 halipiti, hata dalali akiapa.

Lakini hata kijiko cha tani 22 kinaweza kukwama mizani. Kikiwekwa mbele mno, uzito unaangukia ekseli za kichwa. Kikirudishwa nyuma mno, unaangukia ekseli za trela na usukani unakuwa mwepesi, jambo la hatari mlimani. Mpakiaji mzoefu hujua kitovu cha uzito wa mashine kiko wapi na huiweka ipasavyo. Mtu wa aina hiyo ndiye unayemlipia, si matairi peke yake.

Ukali huo wa sheria una sababu yake. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu wa lami hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu hauongezeki kwa theluthi au nusu. Unazidi mara mbili. Ndiyo maana kati ya Dar es Salaam na Tunduma gari hukutana na mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole na hatimaye Mpemba. Kosa lililofichika Vigwaza linaweza kufichuka Uyole, baada ya dizeli ya kilomita 800 kuteketea.

PAA MOJA, SHERIA MBILI

Kituo cha pamoja kimepunguza kazi ya forodha. Gari linaloelekea Zambia hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia Tanzania hukamilisha upande wa Tunduma. Wafanyabiashara wengi wapya wanachukulia kwamba kibali cha mzigo mkubwa nacho kimeunganishwa. Sivyo. Paa ni moja, sheria ni mbili.

Kwa upande wa Tanzania, mambo ya mzigo usio wa kawaida yako mikononi mwa mamlaka ya barabara, TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na huko mlango wa kugonga ni Wakala wa Maendeleo ya Barabara, unaojulikana kwa kifupi RDA. Mzigo ukiendelea hadi Kongo kupitia Kasumbalesa, kuna nchi ya tatu yenye taratibu zake, ingawa Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Kosa la gharama kubwa ni kuondoka Dar es Salaam na kibali cha Tanzania mkononi huku cha Zambia "kikishughulikiwa". Kisiposhughulikiwa kwa wakati, lobedi inageuka kuwa ghala la kukodi kando ya barabara. Mwenye gari anahesabu siku, mlinzi anahesabu usiku, na mteja wa Kitwe anahesabu visingizio.

Mwombaji wa kibali hutakiwa kueleza mzigo, uzito, vipimo, namba za gari, mpangilio wa ekseli na njia itakayopitwa. Maana yake ni kwamba ukibadilisha gari baada ya kibali kutoka, kibali hicho hakikufai tena. Msafirishaji anayekuambia "gari lolote litakuja" hajaomba kibali.

MILIMA, NYAYA NA MCHANA

Magari yenye mizigo ya aina hii husafiri mchana, yakiwa na gari la kusindikiza. Kwa hiyo siku za safari hazihesabiwi kwa kilomita kama za basi. Gari lililochelewa kutoka asubuhi limepoteza siku, si saa mbili.

Njia yenyewe ina sehemu zinazotaka heshima. Kuna makutano na madaraja ya juu ya Dar es Salaam, ambako kimo kinapaswa kupimwa kwa kamba wala si kwa macho. Iko hifadhi ya Mikumi, yenye wanyama na mwendo wa kudhibitiwa. Upo mlima Kitonga, wenye kona ambazo trela refu huzila pande zote mbili za barabara. Ukivuka Uyole kuna mteremko wa kuelekea Mbalizi, ambao umegharimu maisha ya watu wengi pale breki zilipochoka. Baada ya hapo upo mlima Senjele, kisha miji ya Mlowo na Vwawa, ambako wachuuzi, bodaboda na abiria wako hatua chache tu kutoka kwenye lami.

Kwa mzigo wenye kimo kikubwa kuna adui wa ziada: nyaya za umeme na simu zinazovuka barabara. Msafirishaji wa kweli hutuma mtu kuikagua njia kabla ya safari, akapima nyaya, vibao na matawi, na kupanga na wenye nyaya pale zinapohitaji kuinuliwa. Kazi hiyo ina gharama. Usipoiona kwenye makisio ya bei, ama imefichwa ama haitafanyika.

BEI: SOMA KILICHOMO

Hakuna bei ya lobedi inayotundikwa ukutani kama ya gunia la mahindi. Kila safari ina hesabu yake. Lakini makisio yoyote ya maana yana vipengele vinavyojulikana: kodi ya gari kwenda, gharama ya kurudi tupu, vibali vya kila nchi, gari la kusindikiza, winchi ya kupakia na ya kushusha, ukaguzi wa njia, bima ya mzigo, na tozo ya kila siku gari likisimama.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za darasani tu, si bei ya soko. Msafirishaji wa kwanza anataka shilingi milioni 20, vyote vikiwemo. Wa pili anataka milioni 14, "mengine tutaelewana". Kwa yule wa pili, vibali na kusindikizwa vikigharimu milioni 3, winchi milioni 2, na gari likasimama siku 5 kwa shilingi laki 5 kila siku, jumla inafika milioni 21 na nusu. Bei ya chini imekuwa ya juu, na bado mzigo haujakatiwa bima.

Siku za kusimama ndizo zinazoua. Foleni ya malori Tunduma imewahi kunyoosha kwa kilomita kadhaa, na mipaka nayo huweza kufungwa ghafla. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Agosti 2024 ikafunga kwa muda mpaka wake na Kongo kutokana na mvutano wa kibiashara. Mkataba usiosema nani analipa siku hizo unamwachia mwenye mzigo jibu, kwa sababu gari ndilo lenye mzigo wake.

KADI YA NJANO HAILIPI KIJIKO CHAKO

Jambo linalowachanganya wengi ni bima. Dereva huonyesha kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ijapokuwa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, na mwenye mzigo huridhika. Kadi hiyo hushughulikia madhara ambayo gari linasababisha kwa watu wengine katika nchi za kigeni. Haiilipi mashine iliyoanguka kutoka kwenye trela.

Mzigo unahitaji bima yake, yenye thamani halisi ya mashine, inayotaja njia hadi mwisho wa safari na inayofunika pia kupakia na kushusha. Mashine nyingi huharibika wakati winchi inainua, si wakati gari linakwenda. Aidha, mwenye bima anaweza kukataa kulipa ikiwa gari lilikuwa limezidisha uzito au halikuwa na kibali. Hivyo anayenunua safari ya njia za panya amenunua pia kukataliwa fidia.

NA RELI JE?

TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi na inapita Tunduma. Upana wa reli yake, milimita 1,067, unalingana na reli za Zambia, kwa hiyo behewa laweza kuendelea hadi ukanda wa shaba. Kwa kitu kizito lakini kisichokuwa na upana au kimo kikubwa, reli ni jambo la kuulizia, maana haina Kitonga wala mizani ya barabarani. Wakati wa ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere, mizigo ya mradi ilipitishwa reli hiyo hadi stesheni ya Fuga.

Mipaka yake ni mahandaki yaliyoko milimani kati ya Mlimba na Makambako, ambayo hayapanuki kwa ajili ya mteja, uhaba wa injini na mabehewa ulioisumbua reli hiyo kwa miaka mingi, na ukweli kwamba mwisho wa reli bado utahitaji lobedi ya kufikisha mzigo shambani au mgodini. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua. Wenye malori wanapaswa kulifuatilia jambo hilo kwa karibu, na wenye mizigo pia.

KUNUNUA LOBEDI KUNALIPA?

Baadhi ya wasomaji wetu wenye akiba huvutiwa na upande wa pili: badala ya kukodi, wanunue na kukodisha. Kazi ipo. Migodi ya Zambia na Kongo inaendelea kuhitaji mitambo, na njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni mfano wa mradi unaohitaji transfoma na vyuma vizito papa hapa Songwe.

Tatizo ni kurudi. Lori la kawaida hushusha kontena na kupakia shaba. Lobedi si gari la shaba. Mara nyingi hurudi tupu, kwa hiyo safari moja inalazimika kulipia mbili. Pia hukaa bure kati ya kazi na kazi huku mkopo wa benki haukai. Mwenye lobedi moja bila mkataba na mgodi au mkandarasi anafanya kamari. Mwenye mkataba, mpakiaji mzuri na dereva anayeijua Senjele usiku na mchana, ana biashara.

KABLA YA KUTOA MALIPO YA AWALI

Kwa anayekodi, ukurasa huu unashauri yafuatayo. Pata uzito na vipimo kutoka kwenye kibati cha mtengenezaji au kitabu cha mashine, wala si kutoka kwa aliyekuuzia. Omba makisio kwa maandishi kutoka kwa wasafirishaji wasiopungua watatu, yote yakitaja vipengele vile vile. Dai kuona kadi ya gari, leseni ya LATRA na mpangilio wa ekseli, kisha nenda ukalione gari lenyewe lilipoegeshwa. Jina la kwenye kadi liwe ndilo jina la kwenye mkataba. Lipa kwa awamu, na awamu ya pili iambatane na vibali vya nchi zote, si ahadi ya vibali. Piga picha mashine kila upande kabla haijapakiwa.

Mwisho, muulize msafirishaji swali moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote: "Mzigo ukikataliwa Mpemba, tutafanya nini?" Mwenye uzoefu atakupa jibu lenye hatua, jina la mtu wa kumwona na gharama yake. Asiye na uzoefu atakwambia hautakataliwa. Huyo mshukuru kwa muda wake, ufunge mkoba wako, uende kwa mwingine.